Kugonga Ukutani

Mazungumzo yaliyotangazwa redioni. Somo: Luka 10:25–37

 

Hapa Nairobi, upande wa mashariki, mtu aweza kutoka Jerusalem akafika Jericho kwa miguu kabla chai haijachemka. Mitaa hiyo miwili ni jirani, na watoto huvuka kutoka mmoja kwenda mwingine wakicheza. Ile njia tuisomayo katika Injili ya Luka haikuwa fupi hivyo. Ilikuwa yapata kilomita 27, ikiteremka katikati ya majabali makavu ambamo wanyang'anyi walijificha. Lakini jambo lililotokea katika njia ile ndefu laweza kutokea katika njia yetu fupi pia. Laweza kutokea hata mahali pasipo na njia yoyote, ila ukuta mmoja tu kati ya nyumba na nyumba.

Leo twataka kuwasimulia habari za mzee mmoja wa Jericho yetu, na televisheni yake. Jina lake hatutalitaja. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia, na alisema, "Semeni yote, hata lile baya."

Mzee huyu alikuwa fundi wa mabomba kwa miaka mingi. Alipostaafu akaendelea kukaa katika nyumba ile ile ya kukodi ya jiji, vyumba viwili, na jirani kila upande. Ni Mkristo, ni mshiriki wa kanisa letu, naye huhudhuria kikundi chetu cha maombi cha Alhamisi. Lakini kila mtu katika mstari wake wa nyumba alijua kwamba saa moja kasorobo jioni mzee hapatikani. Saa hiyo yuko kitini, kikombe cha chai mkononi, akingoja taarifa ya habari ya Kiswahili. Msomaji wa habari akisema, "Hamjambo," mzee hujibu, "Hatujambo, mwanangu." Hufanya hivyo bila mzaha.

Mapenzi yake kwa televisheni ni ya zamani. Kenya ilianza kuona televisheni mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na kwa muda mrefu sana stesheni ilikuwa moja tu, ile ya Sauti ya Kenya. Wengi wenu mwakumbuka siku zile. Katika mstari mzima wa nyumba palikuwa na televisheni moja, tena isiyo na rangi. Jioni watoto walinawa miguu bombani, wakaacha viatu mlangoni, wakaketi sakafuni kimya kama wako kanisani. Wale waliokosa nafasi walitazama kwa dirishani. Mzee wetu alikuwa mmoja wa wale wa dirishani, ingawa wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mke. Alipoweza kununua yake, asema, alifungua mlango wazi, akaita watoto wote wa mstari.

Alipenda Vitimbi, kwa ajili ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Zaidi ya hapo alipenda Vioja Mahakamani, kwa kuwa alipenda kutoa hukumu kabla ya hakimu. "Huyo ana hatia," husema, "mwangalie macho." Jumapili alitazama nyimbo za Injili katika Joy Bringers. Naye alipenda mno kile kipindi cha mpira, Football Made in Germany. Hakuwahi kufika Ujerumani, lakini alizijua timu zao kama ajuavyo vituo vya basi vya Jogoo Road. Miaka ya tisini mkewe alipenda Tausi, na jioni ya Tausi hapana mtu aliyeruhusiwa kusema neno mle ndani. Mama huyo alipofariki, mzee akaanza kuiwasha televisheni tangu asubuhi. "Si kwamba natazama," alituambia. "Nataka sauti ya mtu ndani ya nyumba."

Ndugu zangu, tulipaswa kulisikia neno hilo. Mtu akisema anataka sauti ya mtu ndani ya nyumba, anawaambia watu wa kanisa lake jambo fulani. Lakini sisi tulimsikia mzee apendaye televisheni kupita kiasi, tukamwombea apunguze.

Sasa, nyuma ya ukuta wa chumba chake cha mbele alikaa mzee mwingine, fundi wa viatu. Huyu hakuwa mtu wa kanisa letu, wala hatujui kama alikuwa wa kanisa lolote. Alikuwa mkali wa maneno, naye alipenda kulalamika. Watoto wakipiga mpira ukutani kwake, alitoka na fimbo. Televisheni ya mzee wetu ikivuma, aligonga ukuta kwa ngumi, mara mbili, mara tatu, na mzee wetu akapunguza sauti kidogo, kisha baada ya muda akairudisha. Wakaishi hivyo miaka mingi. Sisi wa kikundi cha Alhamisi tulipita mlangoni pake kila juma. Tulisema, "Hujambo mzee," naye akajibu, "Sijambo," tukapita.

Ikafika Jumapili, tarehe 13 Julai 2014. Usiku huo ilichezwa fainali ya Kombe la Dunia kule Brazil, kati ya Ujerumani na Argentina. Mchezo ulianza saa nne za usiku, saa zetu. Mtaa mzima ulikuwa macho. Kila nyumba iliyo na televisheni ilikuwa na kelele, na vijana walikuwa wamejazana penye vibanda. Mzee wetu alikuwa peke yake, amejifunika blanketi, na timu ya mapenzi yake imefika fainali. Dakika 90 zikaisha bila bao. Wakaingia katika muda wa nyongeza. Saa sita zilikuwa zimepita.

Ndipo akasikia kugonga ukutani.

Aligonga mara tatu, akanyamaza. Kisha mara mbili. Mzee akasema moyoni mwake, "Leo hata Kombe la Dunia hataki." Wala hakupunguza. Akachukua rimoti, akaongeza sauti. Kugonga kukaja tena, polepole, kisha kukakoma. Katika dakika ya 113 Ujerumani wakafunga bao, nalo lilikuwa bao la pekee. Mzee akasimama akashangilia, mtaa ukalipuka kwa vifijo, naye akaenda kulala kwa furaha.

Asubuhi mama auzaye mandazi alibisha kwa fundi wa viatu kama desturi yake, wala hakujibiwa. Akaita watu. Mlango ulipovunjwa walimkuta sakafuni, kando ya ukuta, mkononi ameshika kikombe cha bati. Kiharusi kilikuwa kimempiga usiku. Upande wake wa kuume ulikuwa umekufa, na ulimi wake hautamki. Ukutani, kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, rangi ilikuwa imebanduka pale alipogonga kwa kile kikombe.

Wakamchukua hospitalini, akakaa huko majuma mengi.

Wapenzi wasikilizaji, majuma mawili baadaye mzee wetu alikuja katika kikundi cha Alhamisi akasimulia haya yote. Tulikuwa watu 11 chumbani. Alipomaliza, tulifanya lile ambalo watu wa kanisa hufanya kwa wepesi. Tulitafuta mkosaji, na mkosaji tuliyempata ni televisheni. Mmoja akasema, "Baba, chombo hicho kimekufunga." Mwingine akasema kwamba wahubiri wa zamani hawakukosea walipokiita sanduku la shetani. Tukakubaliana wote kwamba auze televisheni yake, nasi tungemtafutia mnunuzi.

Mzee akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau.

"Ndugu zangu," alisema, "televisheni haikunizuia kusikia. Nilisikia. Tena nawaambia, mtu anayelalamikia kelele hugonga juu, mahali pa kichwa chake. Miaka yote alinigongea hapo. Usiku ule aligonga chini, karibu na sakafu. Nililijua hilo wakati ule ule. Nilijua kuna jambo. Sikutaka kuinuka."

Hapana aliyesema neno. Baada ya kitambo mama mmoja, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa yule fundi, akaanza kulia. Akasema, "Hata mimi nilisikia."

Tukifungua Luka sura ya 10, twaona kwamba Bwana wetu alisimulia habari za kuhani na Mlawi, na jambo moja lasemwa juu ya kila mmoja wao. Walimwona. Hawakupita kwa sababu hawakujua, wala giza halikuwaficha yule mtu aliyelala kando ya njia. Kila mmoja alimwona, kisha akapita upande wa pili. Katika njia ile ya Yeriko hapakuwa na televisheni. Hapakuwa na mpira, wala mchezo wa kuigiza, wala taarifa ya habari. Lakini moyo usiotaka kuinuka ulikuwako. Moyo huo ni wa zamani kuliko kila chombo. Siku zile ulitumia upande wa pili wa njia. Siku zetu hutumia rimoti.

Na yule Msamaria je? Naye alimwona, kama wale wawili walivyomwona. Tofauti ni kwamba yeye alihurumia, akakaribia. Alishuka, akatumia mafuta yake na divai yake, akatembea kwa miguu ili mnyama wake ambebe mtu mwingine. Safari yake ikacheleweshwa. Kumpenda jirani karibu siku zote ni kucheleweshwa. Mtu asiyekubali kukatizwa jambo lake hawezi kuwa jirani wa mtu.

Basi, mzee wetu hakuuza televisheni. Mwezi wa Septemba fundi wa viatu alirudishwa nyumbani. Binti wa dada yake alikuja kumtunza mchana, naye jioni akarudi kwa watoto wake huko Kayole. Jumamosi moja mzee wetu aliwaita vijana wawili wa mtaa. Walichomoa waya, wakashusha antena, wakaibeba televisheni hadi mlango wa pili. Wakaiweka juu ya meza ya viatu, mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Tangu siku hiyo, saa moja kasorobo jioni, mzee alionekana akitoka nyumbani kwake na kikombe chake cha chai na kingine cha mwenzake. Vipindi vilikuwa vile vile, na mtu wa kutoa hukumu kabla ya hakimu alikuwa yule yule. Bali sasa aliketi upande ule wa ukuta ambako mtu aliligonga. Fundi hakuweza kusema, lakini aliweza kucheka kwa nusu ya kinywa chake. Mzee alituambia kwamba alijifunza kuitambua nusu ile ya kicheko, hata akajua ni kichekesho gani kimempendeza na kipi hakikumpendeza.

Mtu aweza kuuliza kama mzee alikuwa amepata tu mahali pengine pa kutazamia vipindi vyake. Nasi tuliuliza hivyo, kwa siri. Jibu lilikuja mwezi wa Februari 2015. Wakati huo matangazo ya mtindo wa zamani, yaani analogi, yalizimwa hapa Nairobi, na kila mwenye televisheni ya zamani ikampasa kununua king'amuzi. Stesheni kadhaa kubwa nazo zilitoweka hewani kwa majuma kadhaa kwa sababu ya mabishano juu ya mitambo hiyo mipya. Mzee hakuwa na fedha za king'amuzi. Televisheni ikawa kioo cheusi.

Jioni ile ya kwanza tuliwaza kwamba atabaki kwake. Saa moja kasorobo akatoka na vikombe viwili vya chai. Akaketi mbele ya kile kioo cheusi, akaanza kumsimulia mwenzake Vitimbi vya zamani, akiigiza sauti ya Mzee Ojwang', kisha ya Mama Kayai. Alifanya hivyo kila jioni, karibu mwezi mzima, mpaka kikundi cha Alhamisi kilipoona aibu kikachanga pesa za king'amuzi. Siku tulipokipeleka ndipo wengi wetu tulipoingia katika nyumba ile kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumepita mlangoni pake kwa miaka 9.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule wa 2015, wazee hao wawili walitazama pamoja habari ya kifo cha Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimjua kama Mzee Ojwang'. Miaka michache kabla, habari zilipoenea kwamba macho yake yanafifia na kwamba ahitaji matibabu, Wakenya wengi wasiowahi kuonana naye walimchangia. Hao nao walikuwa watazamaji tu. Kwa muda mrefu walikaa vitini wakamcheka, na kicheko hicho hakikuwa dhambi. Lakini siku waliposikia kwamba aliyewachekesha ana shida, waliinuka. Twawataja ili mtu asiseme kwamba kutazama hufunga moyo siku zote. Jicho lililotazama laweza kuwa mlango wa huruma, mwenye jicho akitaka kuinuka.

Fundi wa viatu alifariki mwaka 2018. Katika miaka ile alikuwa ameomba kwa ishara tumsomee Injili, na mara nyingi aliyesoma ni mzee wetu, baada ya taarifa ya habari. Zaidi ya hayo juu ya moyo wake hatusemi. Mungu ajua.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe huna televisheni, wala hukai Jericho. Lakini leo wengi wetu twabeba kioo mfukoni. Twakitazama katika matatu, twakitazama kitandani, na wengine, Mungu atusamehe, twakitazama kanisani wakati wa mahubiri. Kwa kioo hicho twaona mateso ya dunia nzima. Mwezi wa Aprili 2024, mvua ilipofurika hapa Nairobi, tuliona maji yakiingia katika nyumba za Mathare. Tuliona mama akishika godoro kichwani. Tulisema, "Maskini, poleni," kisha kidole kikasogeza picha nyingine. Na Mathare, kutoka kwetu Jericho, ni mahali pa kufikika kwa miguu. Wapo wa kanisa letu waliokwenda na mablanketi. Wengi wetu tuliona, tukapita upande wa pili.

Hatuwaambii mtupe vyombo vyenu. Wala hatusemi kwamba mtu mmoja aweza kuinuka kwa ajili ya kila shida aionayo. Hakuna awezaye, na Bwana hakumdai Msamaria majeruhi wote wa Uyahudi. Alimwekea mmoja njiani. Swali letu la leo ni dogo. Nani anakaa nyuma ya ukuta wako? Wajua jina lake? Akigonga usiku, waweza kuitofautisha hodi yake ya hasira na hodi yake ya shida? Kama hujui, basi kesho usingoje kiharusi. Nenda ukabishe mlango mchana, na mkono wako usiwe mtupu.

Na wewe uliye peke yako, mjane au mzee, uwashaye chombo asubuhi ili upate sauti ya mtu ndani ya nyumba, hatukuhukumu. Twakuomba radhi. Pengine umegonga kwa miaka mingi, nasi twasikia, twaongeza sauti ya nyimbo zetu.

Mzee wetu yuko hai. Baada ya mazishi aliirudisha televisheni upande wake. Bado hujibu salamu za msomaji wa habari, na bado hutoa hukumu kabla ya hakimu. Lakini watu wa mstari wake watawaambia kwamba jambo moja limebadilika. Televisheni yake sasa iko chini mno, hata mgeni akiketi naye lazima asogeze kiti. Tulipomwuliza kama ni masikio yamempona, alicheka. Akasema, "Nataka kusikia ukuta."

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, wewe husikia hata hodi iliyo karibu na sakafu. Utusamehe, kwa maana tulisikia, hatukutaka kuinuka. Ubariki kicheko cha nyumba zetu, wala usikiache kiwe ukuta kati yetu na jirani. Uwakumbuke walio peke yao usiku huu, nawe ukitutuma kwao, utupe miguu myepesi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, nanyi mlale salama.